Sindano Mara Tatu

Ansima mujukuu wangu,

Huku Cimpunda tuko bazima. Maman yako alishapona kikohozi, na anakusalimia sana.

Unalalamika kama ordinatere, ile kompyuta ya kazi yako, inakuletea batu mingi, na wewe unatafuta tu bagonjwa benye kode zote tatu za ugonjwa. Ordinatere haina kosa. Uliandika "hii ao hii ao hii", basi inaleta kila mutu mwenye iko na moja.

Nikiwa kijana nilitumika ku hopitali, mu chumba ya fishi, zile karatasi ngumu za bagonjwa, moja kwa kila mutu. Kila fishi ilikuwa na matundu pembeni, na kila tundu ilikuwa ya alama moja ya ugonjwa. Mugonjwa akiwa na alama, tunakata tundu yake na makasi mpaka inafunguka pembeni. Ukipitisha sindano ndefu mu fishi zote na kutikisa, zenye zilikatwa zinaanguka.

Siku moja muganga alitafuta mutu mwenye iko na alama zote tatu za ugonjwa yenye tuliogopa. Tukapitisha sindano mu tundu ya alama ya kwanza. Zenye zilianguka, tukazipitisha sindano ya alama ya pili. Zenye zilianguka tena, ya tatu. Tuliomba Mungu hata moja isianguke.

Moja ikaanguka.

Mbele ya kusoma jina, tukasikia hodi. Mwanamuke alisimama ku mulango, sijawahi kumuona.

"Samahani papa, mumeniita?"

Hakuna mwenye alimuita. Tukamuuliza jina, tukasoma fishi: ilikuwa yake.

Fanya vile, mutoto: chuja na kode ya kwanza, kisha chuja tena benye bamebaki, mpaka kode ya tatu. Lakini ukibaki na jina moja, usisome haraka. Angalia kwanza mulango.

Koko yako