Seva Iliyotaka Urefu Kwanza

Jumatatu, 8 Machi 2004
Kama kawaida: chai, kufungua ofisi ya ushirika, kuomba stima isipotee. Nimeingiza rekodi za wakulima wa Kola wa mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, nani alipulizia dawa gani na lini. Kuanzia wiki hii mnunuzi wa Nairobi anataka rekodi zifike kwenye seva yake kabla ya lori. Bila rekodi, lori linageuzwa getini. Programu ya kutuma nimeiandika mwenyewe. Najivunia.

Jumanne, 9 Machi
Seva imekataa. Kosa 411. Nikajaribu tena, 411. Mchana mzima hivyo. Lori ni Ijumaa. Mishiri ya Mama itapakiwa humo, na ya kikundi chake chote. Ikirudishwa, nani ataila yote hapa mjini? Naogopa.

Jumatano, 10 Machi
Nimepiga simu kwa mnunuzi nikitegemea kufokewa. Akapokea Nzioka, fundi wa seva yao. Mtu mpole. Aliacha chakula kikipoa akanisomea kilichoandikwa upande wao. Programu yangu inatuma vipande vipande bila kusema mzigo wote una urefu gani. Niliitengeneza hivyo makusudi, memori ya kompyuta yetu haibebi rekodi zote kwa pamoja. Lakini seva yao ni ya zamani, vipande haivijui. Inataka urefu wote mwanzoni. Na Nzioka haruhusiwi kuibadilisha.

Alhamisi, 11 Machi
Ujinga wangu wa asubuhi: nilitaja urefu wa kukisia, mkubwa, nikidhani ziada haidhuru. Seva ikakaa inangoja baiti ambazo hazipo, mwishowe ikakata. Nimelia chooni.

Mama akapiga simu kutoka bandani kwa kikundi chake. "Mwende, sisi tunangoja Mama Kioko alete yake ndio tupime. Hiyo mashini yako iko aje?"

Inasumbua, nikamwambia. Kisha nikaketi. Kwenye mwethya wao, hicho kikundi cha kusaidiana, mizani haiguswi mpaka wa mwisho afike. Mazao hulala sakafuni, si mikononi mwa mtu. Basi nami niziweke rekodi kwenye diski, si kwenye memori. Zikishaingia zote, nipime faili, nitaje urefu, ndipo nitume.

Imekubali! Nimeruka hadi kiti kikaanguka.

Ijumaa, 12 Machi
Lori limeingia getini Nairobi. Asante Mungu.

Jumapili, 14 Machi
Kanisani Kola na Mama. Kabla ya ibada aliniuliza yule wa Nairobi aliyenisaidia anaitwa nani. Wakati wa shukrani akasimama, akamtaja Nzioka mbele ya watu wote, mtu asiyemjua hata kwa sura. Nikaona haya. Mimi niliyezungumza naye sikuwa nimemwambia chochote tangu Jumatano.

Nimempigia jioni. Akauliza haraka kama seva imekataa tena.

Nikasema hapana, nimepiga kusema asante tu. Akasema hajawahi kupigiwa simu ya namna hiyo.