Presha Haiumi

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi inanitoa machozi. Kifua cha mama kimepona?

Kaniambia kwenye simu daktari kakukuta na mambo mawili: presha iko juu, vitamini D iko chini kwa kujifungia miaka yote kwenye kile chumba cha kushonea kisicho na dirisha. Anasema ya vitamini umeyashika, lakini vidonge vya presha hutaki hata kuviona. Kulikoni?

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mama yako ulimi wake mzima kutuzidi wote.

Daktari alisema waziwazi kwamba wenye vitamini D kidogo hupatwa na kiharusi zaidi. Basi nimetoa cherehani nje, nashona mgongo ukiwa juani, na vitamini nameza. Wateja wananiita Bwana Jua. Vile vya presha vilinipeleka chooni bila kupumzika. Suruali za watu zishonwe na nani? Kichwa hakiniumi. Tulia.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama, ingawa barua yako imeniharibia siku.

Unajua kazi yangu huku ni kulisha watu waliopooza kwa kiharusi. Nimemuuliza muuguzi wetu. Kasema ni kweli wengi wao hukutwa na vitamini D kidogo, lakini haijathibitika kwamba kuipandisha kunazuia kiharusi. Presha ndiyo inayochakaza mishipa, na haiumi. Yule ninayemfuta mate kila asubuhi alikuwa dereva. Naye kichwa hakikumuuma. Kaa juani upendavyo, lakini rudi kwa daktari, mwambie vidonge vinakusumbua, akubadilishie. Nimechoka kukubembeleza kama mteja.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima.

Unaniandikia kana kwamba wewe ndiye uliyenizaa. Usinilinganishe na wagonjwa wako. Habari ya vidonge nimeifunga.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Simu hampokei, barua hujibu. Kama umenuna, nuna, lakini nijulishe tu kwamba upo.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Mimi sijambo. Ni mama yako ninayeandika, baba yako yuko kando yangu.

Alianguka akiwa anakata kitambaa. Tulikuficha tukidhani atainuka upesi. Mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuta, na maneno lazima uyasubiri. Sasa vidonge vya presha anameza bila ubishi. Daktari kambadilishia, wala havimsumbui. Angevipata tangu Machi kama angeuliza. Nikilifikiria hilo nashikwa na hasira, natoka nje.

Kaniambia niandike hivi: “Kama unakuja kunisema, baki hukohuko.”

Kisha akaniambia nifute. Sikufuta. Nilimuuliza niandike nini badala yake, akalia.

Njoo.

Mama yako