Kwa Mama Mwanahamisi, Aliyesema kwa Mkono

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tukuzike, na ninachokiona kwanza ni kikombe. Asubuhi ile ulinipa chai kwa mkono wa kushoto. Wewe, uliyekuwa ukitupiga vidole kwa kosa hilo. Nilipokea, nikanywa. Adhuhuri ulianguka uani, kando ya kinu.

Wamenituma mimi niandike kwa sababu ndimi niliyekaa nawe miezi ile saba ya ugonjwa wako. Niliacha shule mwaka wa nne. Makosa utanisamehe.

Watu wa soko la Kindu wanakujua kwa mchele. Uliutwanga, ukaupepeta, na aliyenunua kwako hakuwa na haja ya kuuchambua tena. Mjane alipopita ulimwongezea kopo moja bila kumtazama usoni, ili asione haya. Ulipopepeta uligombana na kuku kama watu wazima wenzako.

Daktari alisema damu imeharibu upande mmoja wa kichwa: akili ipo, ila maneno hayapati njia. Mkono wa kulia ulikufa. Mdomoni likabaki neno moja, "ile". Ulitaka maji, ukasema ile. Ulikataa uji, ukasema ile. Watu walilitegea masikio neno hilo, na halikuwa na kitu ndani. Kila kitu kilikuwa mkononi.

Ulishika kidevu, tukajua ni Baba. Uliandika kwa kidole juu ya shuka, nikajua ni mimi. Ukionyesha kimo cha mtu, vidole vilitazama juu, kama adabu inavyotaka. Kiganja cha kulala uliwaachia mbuzi. Na hukukubali tena kumpa mtu kitu kwa kushoto. Uliunyanyua ule mkono uliokufa, ukaweka kitu kati ya vidole vyake, ukausukuma wote kwangu. Mara nyingi kilianguka. Nilikiokota.

Shangazi Hawa alikutania mkono ulipozidi kwenda huku na huku: "Wifi, uko unatufulia nguo hewani?" Ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alikutania hivyo kila siku, naye ndiye aliyekuogesha.

Miaka miwili kabla ya ugonjwa, kaka yangu Masudi alikwenda Punia kuosha mawe ya madini ya bati mtoni. Mligombana mlangoni. Ulimwambia asirudi hapa na matope yake. Hakurudi, na jina lake likaacha kutajwa nyumbani.

Mwezi wa saba wa kulala kwako, Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ndugu walikuja kukuona, wakaegemeza majembe ukutani. Mkono wako ukaanza jambo jipya. Ulishika ukingo wa chombo ambacho hakikuwepo, ukakizungusha, ukakizungusha, kisha ukakiinamisha mbele.

Mjomba Onema, kaka yako mkubwa, alikuwa ameketi karibu na kichwa chako. "Iko anataka muchele," akasema. "Dada anawaza kazi yake."

Wakaleta ungo. Ukausukuma. Wakapika mchele wa Kibombo, ukageuza uso. Shangazi Hawa akasema labda unautaka wa Pangi, wote wakacheka. Wewe hukucheka. Ukaanza tena kuzungusha.

Mimi nilikuwa nikimimina maji kwenye mtungi. Nimekulia kando ya ungo wako. Mchele hurushwa juu, makapi yakaenda na upepo. Mkono wako haukurusha kitu. Ulikuwa unazungusha karai na kumwaga maji na mchanga, kama wanavyofanya wanaoosha mawe. Kisha uliunyoosha juu mpaka ukatetemeka, vidole vikitazama dari. Kwetu hakuna mtu mrefu hivyo ila mmoja.

Mjomba aliona ninavyotazama. "We mutoto, unakaa naye kila siku. Njo muchele ao hapana?"

Wote wakanigeukia. Unajua sauti yangu inavyokauka mbele ya watu wazima.

"Njo muchele, Mjomba," nikasema.

Ulinitazama. Ukaulaza mkono juu ya shuka, na jambo lile hukulirudia tena.

Siku mbili baadaye lori la Kakule, mfanyabiashara aliyetoka Kivu, lilikuwa likipakia chumvi ya kupeleka Punia. Nilipita kando yake na ndoo yangu. Dereva alinisalimu, nikamwitikia. Barua isingechukua nafasi kwenye lori. Siku ya tisa ukafariki. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilifagia uwanja wote, hata nyuma ya choo.

Masudi alifika siku ya arobaini. Alimuuliza Baba kama ulimtaja. Baba alijibu alichokijua, kwamba mwishoni ulikuwa ukiomba mchele. Masudi akaitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akala na wenzake. Nilimpelekea maji ya kunywa, nikarudi jikoni. Kesho yake akapanda lori. Wanaotoka huko wanasema akiulizwa habari za nyumbani, hujibu kwamba mama yake alimfungia mlango mpaka akaingia kaburini.

Wanaokukumbuka ni mume wako Okito, kaka yako Onema, wifi yako Hawa, mwanao Masudi aliyeko Punia, nami binti yako Zabibu. Siku zote tutakazojaliwa, Mama, utakuwa pamoja nasi.

Karatasi hii itasomwa Ijumaa baada ya hitima. Nakala moja nitampa dereva wa Kakule, aifikishe Punia kwa mwenyewe. Kuna jambo sijalisema mbele ya mtu yeyote, nami nalisema hapa, Mama, ukiwa shahidi.

Kaka Masudi, Mama alikuita wewe. Niliona. Nikaulizwa, nikasema ni mchele.