Vitenzi Mia Moja vya Mama Spesioza

Jumatatu, 6 Machi
Kiingereza, saa tisa alasiri, chini ya turubai. Vitenzi ishirini vipya ubaoni, kila kimoja na kihusishi chake. Darasa liliitikia kwa pamoja, bila kosa. Msimamizi wa elimu wa kambi hii ya wakimbizi alipita, akasimama kusikiliza. Nimeridhika.

Mama Spesioza alibaki. Ni muuguzi kutoka Burundi. Ameuguza miaka kumi na miwili kwa Kifaransa. Ijumaa atasailiwa na daktari wa kigeni wa zahanati. Akifaulu, atakuwa muuguzi tena. Asipofaulu, ni foleni ya mahindi ya msaada tu.

Aliuliza kwa nini "look" hubadilika kabisa ikifuatwa na neno dogo. "Mwalimu, kitenzi chenu kikivaa kofia hakimjui tena mama yake!" Tulicheka. Nikamwambia akariri. Ukweli ni kwamba mimi pia sijui. Chuo kikuu nilikariri.

Jumatano, 8 Machi
Mvua. Matope hadi vifundoni. Mama Spesioza amekariri vitenzi mia moja. Nataja, anajibu. Hajauliza tena. Kwao, kama kwetu Wahangaza wa upande huu wa mpaka, mkubwa haulizwi mara mbili, ni kumwaibisha. Nimeona nafuu. Ni vibaya kuona nafuu hiyo.

Ijumaa, 10 Machi
Ameshindwa.

Niliketi kando, mkalimani wa akiba. Daktari hakuuliza orodha yangu. Aliletwa mtoto mwenye homa, daktari akatoa maagizo mfululizo, kwa haraka. Vitenzi vilevile, lakini vikikimbia. Kwa kila agizo Mama Spesioza aliinamisha kichwa: "Yes, Doctor." Kisha hakutenda lolote. Hakuomba arudiwe. Mikono iliyozoea wagonjwa ilibaki imekunjwa tumboni. Daktari akaandika kwamba ni mkaidi.

Haukuwa ukaidi. Ilikuwa adabu. Sentensi moja yangu ingetosha. Nilinyamaza, maana swali la pili lingekuwa: nani alimfundisha?

Nje alinishika mkono. "Usihuzunike, Mwalimu. Umenifundisha vizuri." Heri angenitukana.

Jumamosi, 11 Machi
Daktari amenipa kazi ya ukalimani. Anasema Kiingereza changu ni safi. Nimekubali papo hapo. Nimemwandikia baba barua ndefu. Jina la Mama Spesioza halimo.

Jumatatu, 13 Machi
Siku ya kwanza kazini. Shati jeupe, limepigwa pasi. Akaingia mama mmoja Mrundi, mtoto mgongoni akihema kwa shida. Daktari alinieleza la kumwambia. Nilisikia kila neno, kila kitenzi na kofia yake. Maana sikuipata. Mama akanitazama, akingoja.

"Yes, Doctor," nikasema.

Mama Spesioza angemtazama mtoto tu, akajua la kufanya. Nilimwona kupitia dirisha, kwenye foleni ya mahindi, gunia tupu begani. Sikutoka kumwita.