Aisingi Niliyoitoa kwenye Sufuria ya Bada

Jumapili mchana, Kibaha.

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi. Haikati, haizidi. Ni mvua ya kunywa chai mara mbili na kusahau kwamba umeshakunywa. Nimekaa dirishani, kompyuta iko mapajani na sijaifungua tena. Leo naiogopa kidogo.

Wifi yangu Salma, mke wa kaka, anaoka keki kule Mlandizi. Mimi ndiye ninayemtengenezea picha kabla hajaziweka stetasi. Yeye anaoka, mimi napamba. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, tena kwa maringo.

Kusema kweli hii kazi naipenda kupita kiasi. Nikiikuza picha mpaka krimu ijae kioo kizima, napotea. Inakuwa nchi nyeupe yenye vilima na mabonde, na mimi ndiye ninayeamua jua litokee upande gani. Saa mbili zinapita nikidhani ni dakika kumi. Watu wanadhani aisingi ni nyeupe. Thubutu! Kivulini ina umanjano kidogo, na penye ncha nyembamba inapitisha mwanga kama sikio la mtoto mchanga. Ukiimwagia weupe mtupu inageuka plasta ya ukuta. Na lazima uiachie kasoro: kitundu cha hewa, punje ya keki iliyonasa, mahali ambapo kisu kilisita. Bila kasoro mtu hamezi mate.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Masaki, Kisarawe, kumwona mama. Nikamkuta anasonga bada, ule ugali wetu wa muhogo. Aliugeuza kwa mwiko ukavutika, ukang'aa, ukajikunja tabaka juu ya tabaka, na mwanga wa mlangoni ukawa unateleza juu yake. Nikamwambia, mama, hebu ngoja hapo hapo! Nikapiga picha. Mama akabaki na mwiko hewani: "Ugali nao unapigwa picha? Makubwa haya."

Niliporudi Kibaha nilikaa na ile bada siku nne kwenye kompyuta. Nikaondoa ukijivu wake, nikaitia joto la siagi, nikaipinda mikunjo yake ikaizunguka keki ya ngazi tatu ambayo haijawahi kuwepo duniani. Ilipokamilika niliitazama mpaka machozi yakanilengalenga. Nilitamani kuingiza kidole.

Nikamtumia Salma. Akauliza, "Wifi, hii kaitengeneza nani?"

Nikamjibu nimeikuta mtandaoni.

Kwa nini nilisema vile? Nilitaka kuuonja kidogo ule utamu wa kwamba mtu wa keki mwenyewe ameamini. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yake akaiweka stetasi, akaandika kwamba anapokea oda. Siku ya tatu akapigiwa simu na Mama Neema, mama mmoja wa hapa Kibaha, anaitaka keki hiyo hiyo kwenye send-off ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, Jumamosi. Salma akakubali. Alisema kama kuna mtu kaiweza, na yeye ataiweza.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Wiki nzima alihangaika. Jumatatu krimu iliteleza yote ikajaa kwenye sinia. Jumatano aliiongezea sukari, ikakauka na kupasuka. Kila jioni ananitumia sauti kunieleza, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa nampa ushauri. Jaribu kuipooza kwanza, wifi. Jaribu kisu chembamba. Mpaka Alhamisi aliponiambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mikono yangu mizito. Nikimaliza hii oda naacha keki, nirudi kwenye maandazi. Kuna watu wamejaliwa, mimi sikujaliwa."

Ijumaa asubuhi nilikuwa Mlandizi. Nilimkuta uani, ana krimu mpaka kwenye nyusi, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, na picha yangu iko pale inang'aa. Alikuwa anaitazama, anapaka, anaitazama tena. Nikasema yote bila hata kusalimia vizuri. Kwamba keki hiyo haipo. Kwamba hakuna mikono iliyoitengeneza. Kwamba ile mikunjo ni bada ya mama.

Akakiweka kisu chini.

"Kwa hiyo wiki nzima nashindana na ugali wa mama mkwe?"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo, nami nikacheka, nikajua yameisha. Halafu nikaona mabega yanatikisika lakini kicheko hakipo tena. Akasema, "Uliniacha nijitukane, wifi. Nawe unanishauri."

Nilisema nisamehe. Kuna siku neno hilo linakuwa dogo sana mdomoni.

Nikaomba simu nimpigie Mama Neema mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza. Alivuta pumzi. "Nyie watoto mna mambo! Mwanangu atapiga magoti mbele ya ukoo mzima anilishe keki, sasa anilishe picha? Nileteeni keki tamu, laini, basi. Na wewe wa picha, koma."

Nikakoma. Nikachekecha unga, nikavunja mayai, nikapepea mkaa wa oveni mpaka macho yakawa mekundu. Salma aliongea nami mambo ya kazi tu: lete, shika, ondoa. Jumamosi tulipeleka keki ya ngazi mbili, krimu yake imepakwa kwa mgongo wa kijiko. Binti akapiga magoti, akamlisha mama yake kipande, na Mama Neema akafumba macho akitafuna polepole kabla hajamkumbatia. Vigelegele vikapanda. Hakuna aliyeulizia mikunjo. Nilimwona Salma kwa mbali amesimama na sinia, anajifuta macho kwa ncha ya khanga, na moyo wangu ukatulia kabisa.

Nililala usingizi mzuri jana.

Leo asubuhi nikakuta ujumbe wake. Hauna utani, hauna lile "wifi mchokozi" analoniita siku zote. Ameandika: "Naomba picha za keki zangu zote, zile za mwanzo, kabla hujazigusa. Nataka nione mikono yangu ilikuwa inafanya nini."

Nikafungua kompyuta nikacheka kidogo, nikasema hilo ni jambo dogo. Nikatafuta. Nikafungua folda baada ya folda. Zote ni zangu. Miaka miwili nilikuwa nikimaliza kupamba nahifadhi juu ya ile ile aliyonitumia, bila kubakiza nakala. Na simuni kwake najua hazipo, kwa sababu ni mimi niliyemwambia afute kupunguza mzigo. Nilimwambia, ziko kwangu salama.

Nimejaribu kukumbuka hata moja. Kuna keki ya bluu aliyomwokea kaka alipopona malaria. Nilikuwepo. Niliila! Nafumba macho niione ilivyokuwa mezani, naona mwanga wangu tu, ule niliouweka mimi, na ncha laini nilizozichora mimi. Ya kwake imeondoka hata kichwani mwangu. Labda ilikuwa nzuri. Labda zote zilikuwa nzuri na hazikunihitaji, na sasa hakuna wa kumthibitishia.

Mvua bado. Nimeandika jibu mara nyingi na kulifuta. Katika moja niliisingizia kompyuta kwamba imeharibika. Nilikaribia kulituma, nikajionea haya.

Kesho nakwenda Mlandizi, mvua iwepo isiwepo. Nitamwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha kiti. Wiki iliyopita nilingoja mpaka akaikana mikono yake. Safari hii singoji.

Nimejaribu kulisema neno lenyewe kwa sauti humu chumbani, peke yangu. Wifi, nilizifuta. Mara ya kwanza niliishia kwenye "Wifi". Mara ya pili nikaongeza "bahati mbaya", nikajisikia naanza tena kupamba.

Mara ya tatu nikalisema hivyo hivyo lilivyo.