Sauti Iliyobaki Jumba la Kwanza

4 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na umelala walau kidogo. Mimi naendelea. Kidonda cha shingoni kimekauka, na muuguzi anayekuja kunibadilishia bandeji anasema kimefunga vizuri kuliko alivyotegemea. Kumeza bado ni kazi. Sauti ndiyo hiyo, haipo, na daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba haitarudi. Kwa hiyo usinipigie simu tena. Jana ulipiga nikabaki nimeishika kama nimeshika kiatu, wewe unaita "mama, mama", mimi nagonga meza. Tuandikiane.

Sasa kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa. Siku moja kabla ya upasuaji nilikuaga nikasema naenda saluni. Sikwenda saluni. Nilikwenda redioni, nikamwomba fundi mitambo anifungulie studio ndogo, nikakaa kwenye kiti changu na kusoma tangazo la kifo changu.

Usishtuke. Nimesoma matangazo ya vifo kwenye redio ile tangu hujazaliwa. Mji mzima unaniita Bi Tangazo, hata watoto wasiojua jina langu. Nimemtangaza baba yako, nimewatangaza mabosi wangu, nimemtangaza hata yule jirani aliyekuwa hanisalimii. Na hawa vijana waliopo sasa wanasoma jina la marehemu kama wanasoma matokeo ya mpira. Mimi sitaki kusomwa hivyo. Nimejisomea mwenyewe, polepole, sikukosea hata neno. Nafasi ya siku na saa nimeiacha wazi, fundi atajua la kufanya.

Ameniambia rekodi zote za redio siku hizi zinakaa kwenu, kwenye hiyo kampuni yako ya kuhifadhi data, na kwamba wao wakishazituma kwenu wanazifuta kwenye kompyuta zao. Nilifurahi kusikia iko mikononi mwako. Niambie tu: iko salama?

Mama yako


9 Februari

Shikamoo mama,

Afadhali kidonda kimekauka, nilikuwa nakifikiria sana. Huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, na mjukuu wako ameanza kutambaa, ila anatambaa kinyumenyume kama gari linalotoka gereji.

Barua yako niliisoma kazini nikalazimika kutoka nje kupunga upepo. Mama, tangazo la kifo? Ndiyo maana ulirudi na nywele zilezile.

Iko salama. Kampuni yetu ina majumba mawili. La kwanza ndilo hili ninalofanyia kazi: chumba baridi kama friji, makabati ya chuma yaliyojaa diski, feni zinanguruma mchana kutwa. La pili liko mji mwingine, na kila kinachoandikwa hapa kinanakiliwa kule kupitia waya. Hapa pakipata balaa, kule kuna kila kitu. Waya wenyewe si mpana na data ni nyingi, kwa hiyo foleni ya vitu vinavyosubiri kwenda haiishi, tumeizoea.

Mwishoni mwa mwaka jana diski zetu zilikaribia kujaa, nikawasha mpangilio wa kubana data. Kila faili sasa linakunjwa kabla ya kuwekwa, kama nguo kwenye sanduku. Tulipata nafasi tele, tukapokea wateja wapya, bosi akanipongeza mbele ya watu. Tangazo lako limekunjwa humo humo. Lakini tafadhali, tuzungumze mambo mengine.

Mwanao


13 Februari

Mwanangu,

Nashukuru kwa salamu, zimenifikia zote. Mimi leo nimemeza uji bila kukohoa, mshangilie mama yako.

Ila umenitia wasiwasi na hiyo habari ya kubana. Nimekaa mbele ya maiki miaka mingi, najua mtu akibana sauti inatokaje. Inatoka kama ya mtu aliyejifungia kabatini. Nilisoma kwa kifua changu chote siku ile, nikijua ndiyo mara ya mwisho. Kama umeikunja na ikafunguliwa ikiwa na mikunjo, bora ungeniambia mapema nikusute.

Mbusu mjukuu wangu. Mwambie atambae mbele, nyuma hakuna kitu.

Mama yako


18 Februari

Shikamoo mama,

Hongera kwa uji. Mkweo amepiga makofi, kweli.

Ondoa wasiwasi. Ubanaji huu hauikati sauti, unafupisha tu namna ya kuiandika. Kitu kinachojirudia mara elfu, mashine inakiandika mara moja na kukumbuka kimerudi mara ngapi. Ukilifungua faili linarudi kama lilivyokuwa, hadi pumzi yako. Kuna ubanaji mwingine unaotupa vipande vya sauti, lakini huo hatuutumii.

Na nikuchekeshe: kitu kinachobanika kuliko vyote ni ukimya. Ule utulivu wako baada ya jina la marehemu, uliokuwa unawafanya watu waache vijiko hewani, kwenye diski hauchukui nafasi yoyote ya maana.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima. Wewe sijui, maana mwezi mzima huandiki.

Fundi mitambo alipita kunijulia hali. Alikunywa chai haraka haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Alisema jumba lenu liliingiwa maji na redio imeambiwa isubiri. Nilimwandikia kwenye karatasi: tangazo langu? Akasoma, akaikunja, akaniambia nitakuwa sawa. Ndivyo wanavyosema watu wakikosa la kusema.

Ulinieleza kwamba ukimya wangu hauchukui nafasi. Wa kwako umejaza nyumba.

Mama yako


29 Machi

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuifuta. Afya ninayo, familia haijambo.

Fundi amekwambia kweli. Bomba la maji ya kupozea mitambo lilipasuka juu ya makabati. Tulipofungua mlango maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kabati la juu hadi la chini, na diski za rekodi zilikuwa zimelowa zote. Mama, sikuogopa hata kidogo. Nilimwambia bosi tulia, jumba la pili lipo. Nikaenda kufungua nakala za kule nikiwa na uhakika wangu wote.

Zinaishia katikati ya Januari. Baada ya hapo hakuna kitu.

Nimetafuta sababu na sababu ni mimi. Mpangilio wa kubana niliuwasha huku tu. Niliamini kwamba kilichokunjwa huku kinasafiri kimekunjwa na kinafika kimekunjwa. Sivyo. Mitambo yetu inakunjua kila kitu kabla ya kukituma, na diski za kule zinafuata mpangilio wao wenyewe, ambao hakuna aliyeuwasha. Kwa hiyo huku tulikuwa tunajisifu kwa nafasi na kupokea wateja, kumbe kule kila kitu kinatua kwa unene wake wote. Kule kukajaa pomoni, kukakataa kupokea. Huku foleni ikazidi kurefuka, na mimi nimezoea foleni.

Tahadhari zilikuja kwenye simu yangu. Nilikuwa nimeizima kwa siku kadhaa. Nilipoiwasha nilikuta zimerundikana, nikadhani ni zile za kila siku, nikazifuta zote kwa mkupuo bila kusoma.

Wataalamu wamezihangaikia diski zilizolowa, jana wamesalimu amri. Wapo wateja waliopoteza mengi na wana haki ya kunilaani. Lakini ninayeshindwa kumtazama usoni ni wewe. Tangazo lako halipo tena, mama. Sauti yako ya mwisho nimeipoteza mimi.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Barua imefika. Kuhusu afya yangu sina la kukwambia leo.

Nililia tangu asubuhi. Kulia bila sauti kuna tabu yake, hata mwenyewe hujisikii. Nilikasirika pia, sitakudanganya. Nilikuwa nimeshajipanga. Nilikuwa nikikaa hapa kimya na muuguzi wangu, najiambia si kitu, siku moja nitasema tena, japo sitakuwepo. Hilo ndilo lililokuwa linanipa nguvu ya kumeza uji.

Halafu nikaisoma barua yako tena. Katikati ya Januari. Simu umeizima. Mbona hukusema ulikuwa wapi? Ulikuwa umekaa hospitalini kwenye kile kiti kibovu pembeni ya kitanda changu, unanilowesha midomo kwa pamba, na muuguzi wa zamu ndiye aliyekwambia uizime hiyo simu au utoke. Umelificha hilo ili nisijione nimechangia. Nakujua, nimekuzaa.

Kosa lako sikuondolei. Mtu hafuti tahadhari bila kuzisoma, ungekuwa chini yangu ningekufokea hadi ukome. Lakini ungeniuliza siku zile nichague kati ya sauti yangu na wewe kwenye kile kiti, nisingefikiri mara mbili. Nakwambia hili mara moja, usitegemee nitalirudia.

Sasa sikiliza. Mimi siwezi kusoma tena, na wale vijana siwataki. Utasoma wewe. Maneno ni yaleyale niliyoyasoma mimi, ila mahali pa "natangaza kifo changu" weka "natangaza kifo cha mama yangu", kisha jina langu kamili, kisha kwamba nilikuwa msomaji wa matangazo ya redio hii, nimeacha mtoto na mjukuu, na ndugu popote walipo wapokee habari hii. Siku na saa acha wazi kama nilivyoacha. Kaa wima. Usikimbilie mwisho wa sentensi. Ukishataja jina nyamaza kidogo, kuna mtu mahali fulani atakuwa anatafuta pa kukaa.

Mama yako


10 Aprili

Shikamoo mama,

Natumaini leo umeamka na nguvu kidogo. Sisi hatujambo.

Yale uliyoandika kuhusu kiti yamenifika. Nimeyasoma nikiwa peke yangu.

Lakini tangazo siwezi. Nimejaribu kulisoma kimoyomoyo tu, nikaishia kwenye neno mama. Unanitaka nikae niseme umekufa, na wewe uko hapo unakunywa uji. Niombe kitu kingine chochote.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Sikukuomba.

Mama yako


3 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima. Mjukuu wako anakusalimu, sasa anatambaa mbele, na tumeanza kuficha vikombe.

Kazini hawakunifukuza, ingawa kuna asubuhi natamani wangefanya hivyo ili nisionane na watu. Wamenipa kazi ya kukagua mipangilio ya majumba yote mawili. Ubanaji sasa umewashwa huku na kule, na kila siku nafungua faili moja kule kuhakikisha linafunguka kweli. Wateja wawili wamekataa kuongea nami. Siwalaumu.

Pamoja na barua hii nimekutumia sauti. Nimesoma nikiwa ndani ya gari, madirisha nimeyafunga, kwa sababu ndani ya nyumba sikuweza kusema maneno yale mkweo akisikia. Nimekaa wima. Sijui kama imefaa. Niambie nilipokosea nirudie.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima, na nimepokea.

Nimekusikiliza jikoni, mlango nimeufunga, bakuli la uji limepoa mezani. Una sauti ya baba yako. Ukizungumza kawaida haisikiki, ila ukisoma ipo, na mimi sikujua, maana hujawahi kunisomea kitu tangu ulipoacha shule.

Umeanza vizuri. Maneno hukuyakimbiza. Ila ulipofika kwenye jina langu ulikwama. Ule si utulivu nilioufundisha. Umezidi mno, katikati yake kuna kitu kama mlango wa gari, na mwisho wake umevuta kamasi, mashine imevichukua vyote. Kijana yeyote wa redio angeniletea rekodi ya namna hiyo ningemrudisha studio kabla hajakaa.

Wewe usirudie. Nimeicheza hadi muuguzi ameingia kuniuliza kuna nini, na kila ukifika pale napata uhakika kwamba ni mimi unayemsema na si mtu mwingine. Mpelekee fundi hivyo hivyo ilivyo. Halafu panda gari uende jumba la pili wewe mwenyewe, uwaambie wakufungulie nakala yake, ukae uisikilize kule mpaka mwisho. Ukimaliza niandikie kwamba umeisikia.

Mama yako