Rangi ya Utumbo

Jumapili, 8 Juni 2025 — Gitega

Shakila kaja hapa mtaani Yoba na kitabu cha shule ya uuguzi. Mjukuu wangu huyo, mke wangu wa utani! Mtihani Alhamisi, sura ya tumbo, na haimwingii. Bon. Matumbo ya mbuzi yalikuwa kwenye beseni, bado ya moto. Funga kitabu, we mke, fungua macho!

Shule nilikaa miaka minne, bucha arobaini. Tumbo nalisoma bila miwani.

Nikamwonyesha. Utumbo haukai ovyo kama kamba kwenye gunia. Umeshikwa mgongoni na utando mwembamba, unaning'inia kama pazia. Kitabu kinauita mezantere. Mi nauita pazia. Mishipa ya damu iko inapita humo humo. Shika pazia mkono huu, vuta utumbo kwa huu — frrr! — mita ishirini bila kisu.

Na huu wa mafuta unaofunika mbele? akauliza. Huo shela ya bibi harusi, nikasema, nikamtupia begani. Kelele mpaka kwa jirani!

Akasema mbuzi ana matumbo manne, mtu moja. Nikamwambia hajamtazama vizuri baba yake akila.

Kisha nikamsimulia ng'ombe mmoja wa Mushasha. Utumbo ulijizungusha ukabanwa na pazia lake. Nje ya kifundo, rangi ya waridi. Ndani ya kifundo, mweusi kama chini ya sufuria. Damu ilikosa njia, basi. Hilo hakucheka. Aliliandika.

Jumanne, 10 Juni

Jambo langu. Hapa tu.

Kinenani, kulia, uvimbe kama yai la kuku. Tangu mwaka jana. Nikilala chali nasukuma kwa vidole viwili, unarudi. Nikikohoa — huyo tena! Utumbo umepata tundu ukutani, unachungulia nje. Najua kabisa ni nini.

Nani nimwambie? Muuguzi wa nyumba ni Shakila. Tunataniana kwa kila kitu, lakini mahali pale mjukuu haonyeshwi. Hapana.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya ubaya. Nilijilaza sakafuni: Shakila, nakufa, utumbo umejipinda! Akaangusha ndoo ya maji. Nikafungua jicho moja. Bon, nitajie njia ya chakula, kuanzia mdomoni.

Alitaja yote, mpaka mlango wa nyuma. Machozi yanamtoka. Akasema siku nikiumwa kweli atamalizia kwanza kusuka nywele zake.

Ijumaa, 13 Juni — Butihinda

Mtihani wa jana ulikuwa wa kujibu kwa mdomo. Alisema "pazia," darasa likacheka. Mwalimu akamwambia: endelea, mama. Ha!

Safari kuja huku mkoa wa Muyinga: masaa matatu njiani, masaa matano kungoja petroli. Leonardi, aliyekuwa ananiuzia mbuzi, anamwoza binti yake Jeska kesho. Wao Wakristo, mi wananiita kuchinja ili na majirani Waislamu wale. Leonardi alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, anaongea Kiswahili kama redio. "Karibu sana, mzee mwenzangu, umechakaa!" Yeye je?

Jumamosi, 14 Juni

Fahali alikataa kulala chini. Vijana wanne kwenye kamba, na mjinga wa tano mimi. Nikavuta — kitu kikatoka kinenani kama ngumi.

Nilichinja. Nilimaliza kazi. Nikaenda nyuma ya nyumba, chali, vidole viwili. Hakirudi. Vidole vinne. Hakirudi!

Saa nane mchana. Kigumu. Kinachoma. Nimetapika mara mbili. Leonardi kanikuta, nikamwonyesha. "Hiyo ni ngiri, Amissi! Mpigie mjukuu wako." Nikakataa. Akanipa simu.

Shakila, tumbo langu — nilisema. Akacheka! Limejipinda tena, babu? Nikutajie kuanzia mdomoni?

Ningeweza kucheka naye. Niliona haya mpaka masikioni. Nikasema polepole: pazia limebanwa mlangoni, mama. Kinenani, kulia. Tangu saa nne asubuhi. Nimesukuma, halirudi.

Halafu sauti nyingine kabisa, si ya mke wangu wa utani. Usile. Usinywe hata maji. Usisukume tena. Hospitali, Muyinga mjini, sasa hivi. Nikamwuliza kuhusu nywele. Akasema: babu, acha. Nikasikia anatafuta viatu.

Leonardi kaenda kutafuta pikipiki yenye petroli. Kila mtu anayo pikipiki, petroli ndiyo hakuna! Huko mbele wanaimba, nyama yangu inanukia. Nimelala mkekani, magoti juu, naandika ili mkono usiende pale.

Nimefungua matumbo mangapi maishani? Sijui. Kila moja niliangalia rangi kwanza. Hili langu liko unene wa ngozi tu kutoka kidoleni, na siwezi kuchungulia. Masaa manne mazima.

Waridi, Ya Rabi. Hata kama imefifia.

Naisikia pikipiki. Inapanda kilima. Bado haijakata kona ya huku —